Neema, Sheria na Mamlaka ya Kanisa: Mafunzo ya Uamsho wa Afrika Mashariki

Kanisa lolote huwaagiza waumini wake mambo ya kufanya: waoe mke mmoja, warudishe walichoiba, wasamehe, watoe sadaka, wajiepushe na viapo vya siri. Maagizo hayo hayatofautiani sana kati ya dhehebu na dhehebu. Kinachotofautiana ni mamlaka yaliyo nyuma yake. Jibu la kwanza ni sheria: Mungu ameamuru, kanisa limekabidhiwa amri zake, na anayezivunja ana adhabu yake. Jibu la pili ni neema: Mungu amekwisha kumtendea mtu huyu jambo kubwa kabla hajatii chochote, na jambo hilo ndilo linalomdai maisha yake. Majibu yote mawili yanaweza kuzaa agizo lilelile, hata kwa maneno yaleyale. Tofauti huonekana siku mtu anapoanguka.

Mgogoro huu ni wa zamani kuliko Injili zilizoandikwa. Waraka kwa Wagalatia, mojawapo ya maandiko ya kwanza kabisa ya Agano Jipya, uliandikwa kwa sababu walimu fulani waliwataka waumini wasio Wayahudi watahiriwe na kushika Torati. Mlango wa 15 wa Matendo ya Mitume unaeleza jinsi mitume na wazee walivyokutana Yerusalemu kulijadili suala hilo: tohara haikulazimishwa, ila waliombwa wajiepushe na mambo manne, yaani vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, nyama ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati. Wagalatia mlango wa 2 unasimulia kisa kingine kinachogusa zaidi. Petro alikuwa akila na watu wa mataifa huko Antiokia. Wageni walipofika kutoka kwa Yakobo, akajitenga. Paulo akamkemea mbele ya watu wote. Aliyekemewa alikuwa mtume mwenye cheo, na kosa lenyewe lilikuwa la mezani: nani ale na nani. Kesi nyingi za makanisa ya Afrika Mashariki hadi leo ni za mezani vilevile, kama itakavyoonekana.

Namna Paulo anavyoagiza inastahili kuangaliwa kwa makini. Wakorintho walikuwa na watu waliokwenda kwa makahaba. Angeweza kuwatajia amri ya uzinzi akamaliza. Badala yake, katika mlango wa 6 wa waraka wa kwanza, anawakumbusha kwamba miili yao ni viungo vya Kristo na kwamba walinunuliwa kwa thamani. Anapochangisha fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, katika mlango wa 8 wa waraka wa pili, anasema wazi kwamba haamuru, kisha anawaelekeza kwa Kristo aliyekuwa tajiri akawa maskini kwa ajili yao. Filemoni anaambiwa kwamba Paulo ana ujasiri wa kutosha kumwamuru, lakini kwa ajili ya upendo anachagua kumsihi. Waraka kwa Warumi unatumia milango 11 kueleza kile Mungu alichofanya. Mfululizo mrefu wa maagizo unakuja katika mlango wa 12, na unaanza kwa neno la kuhitimisha, kana kwamba yote yaliyotangulia yalikuwa hoja na sasa ndiyo hukumu yake.

Hata hivyo Paulo hakuitupa sheria. Anainukuu katika Warumi 13, na katika 1 Wakorintho 5 anaagiza mtu atolewe katika kusanyiko. Yesu mwenyewe, katika Mathayo 5, anasema hakuja kuitangua Torati. Kwa hiyo anayefundisha kwamba neema imefuta amri hana Agano Jipya upande wake, na anayefundisha kwamba amri ndiyo iliyozaa kanisa hana pia.

Karne zilizofuata zililijadili jambo hili kwa ukali, na si lazima kuzipitia zote. Augustino alibishana na Pelagio mwanzoni mwa karne ya 5, akishikilia kwamba amri peke yake humwonyesha mtu wajibu bila kumpa nguvu za kuutimiza. Martin Luther aliutia ubishi huo moto mpya kuanzia mwaka 1517, lakini ilimbidi baadaye apambane na rafiki yake Johann Agricola, aliyetaka sheria isihubiriwe kabisa makanisani. Walutheri walifunga hoja hiyo katika Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577, wakikubali kwamba sheria ina kazi tatu: kuzuia uovu katika jamii, kumfunulia mtu dhambi yake, na kumwongoza aliyekwisha kuamini. John Calvin alikuwa ameshaiona kazi ya tatu kuwa ndiyo kuu. Hapo wanatheolojia walipata mpangilio mzuri wa kufundishia vyuoni. Jinsi mpangilio huo unavyofanya kazi katika kijiji chenye mzee wa kanisa, mwinjilisti na daftari la washarika ni habari nyingine, na ndiyo inayofuata hapa.

Mwaka 1929 Afrika Mashariki ilipata mifano miwili ya mamlaka ya kanisa ambayo ni vigumu kuipata ikiwa karibu hivyo mahali pengine. Wa kwanza ulikuwa Kenya, katika nchi ya Wakikuyu. Misheni ya Kanisa la Scotland, pamoja na Africa Inland Mission na misheni nyingine ndogo, iliamua kupambana na ukeketaji wa wasichana. Washiriki walitakiwa kutoa tamko la kuukana, na mahali pengi tamko hilo lilikwenda pamoja na kukana chama cha siasa cha Kikuyu Central Association. Wasioweza kuandika waliweka dole gumba, na ndiyo sababu jambo lote likaitwa Kirore. Walimu waliokataa walipoteza kazi. Wazazi waliokataa waliona watoto wao wakifungiwa milango ya shule.

Mila iliyokuwa ikipingwa ilikuwa na madhara ya kweli, na wamisionari walikuwa na haki ya kuipinga. Lakini waliipinga kwa karatasi, saini na adhabu, na juu yake wakaongeza siasa. Watu waliondoka makanisani kwa wingi. Shule za kujitegemea zikaanzishwa, zikapata vyama vyake vya KISA na Karing'a, na kutoka humo yakazaliwa makanisa ya kujitegemea yaliyopo hadi leo. Mila yenyewe haikukoma kwa sababu ya Kirore. Kwa wengi ikageuka kuwa alama ya kumkataa mkoloni. Sheria ilipokosa kutiiwa haikuwa na la kufanya zaidi ya kufukuza, na waliofukuzwa walikuwa na pa kwenda.

Mfano wa pili ulianza Septemba mwaka huohuo katika kilima cha Namirembe, Kampala. Daktari Joe Church, Mwingereza wa misheni ya Ruanda ya Church Missionary Society (CMS), alikuwa amechoka. Kituo chake cha Gahini, mashariki mwa Rwanda, kilikuwa kimepitia njaa kali, na kazi ya Injili ilikuwa imepoa. Hapo Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye ardhi aliyewahi kufanya kazi ya afya serikalini. Wawili hao walisoma Biblia na kusali pamoja. Church akarudi Gahini. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, akaenda huko kufundisha. Mwishoni mwa mwaka 1933 mkutano wa Gahini uligeuka kuwa saa nyingi za watu kuungama dhambi zao hadharani. Kigozi alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, lakini moto ulikuwa umeshawaka. Kabla muongo haujaisha ulikuwa umevuka kuingia Uganda yote ya kusini na magharibi, Burundi, Kenya na Buhaya katika Tanganyika. Waganda wakawaita watu hao Balokole, yaani waliookoka, na Kiswahili kikawachukua kama walokole.

Uamsho huu haukuwa na cheo, katiba wala ofisi. Mamlaka yake yote yalitegemea dai moja: damu ya Yesu imeshamsafisha mwenye dhambi, kwa hiyo hana tena sababu ya kujificha. Kwa dai hilo mpishi aliweza kumwambia mmisionari kwamba ana kiburi, na mmisionari akatubu mbele ya mpishi. Wanawake walishuhudia palepale wanaume walipoketi. Alipoungama mtu, waliokuwapo walimkumbatia na kuimba wimbo wa Tukutendereza (Tunakusifu), kwa Kiganda, hata walipokuwa Wakikuyu, Wahaya au Wagogo wasiojua Kiganda.

Na hapa ndipo wanaodhani neema hulegeza maadili wanapopata kazi ya kujibu. Walokole walikuwa na jambo waliloliita kutengeneza. Aliyeokoka alirudisha shuka za hospitali, fedha za mwajiri, ng'ombe wa jirani aliyechukuliwa miaka mingi nyuma. Hakuna polisi aliyekuwa akimtafuta. Mara nyingi mwenye mali alikuwa ameshasahau. Festo Kivengere, aliyeokoka mwaka 1941 akiwa mwalimu kijana na baadaye akawa askofu wa Kigezi, alisimulia mara nyingi jinsi alivyopanda baiskeli mwendo wa maili 50 kwenda kumwomba msamaha Mwingereza mmoja ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Hakukuwa na kanuni ya kanisa iliyomtaka mtawaliwa aombe radhi kwa mkoloni, na kama ingekuwapo ingekuwa kanuni mbaya. Kivengere alikwenda kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amesamehewa.

Mwaka huohuo wa 1941 mamlaka ya namna hii yaligongana na mamlaka ya kawaida katika Chuo cha Theolojia cha Askofu Tucker, Mukono. Wanafunzi walokole, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walikuwa wakiamka alfajiri mno kusali na kuhubiria wenzao, tena wakisema wazi kwamba baadhi ya walimu wao wanafundisha theolojia isiyo na msalaba. Uongozi ukapiga marufuku mikutano ya kabla ya mapambazuko. Wakaendelea. Wanafunzi 26 wakafukuzwa, na safari yao ya kuelekea upadri ikakatizwa.

Kila upande ulikuwa na hoja. Chuo hakiwezi kuendeshwa ikiwa kila mwanafunzi anayedai kuongozwa na Roho ana ratiba yake, na walokole wa Mukono hawakuwa watu rahisi kuishi nao. Kuamshwa saa 10 usiku na mtu anayekuuliza kama umeokoka ni jambo linalochosha hata mtakatifu. Lakini waliofukuzwa hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki Waanglikana, wakaketi katika mabenchi ya makanisa yaliyowakataa, wakaendelea kuhubiri kama walei. Nagenda hakuwahi kuwa padri, na bado akawa mmoja wa wahubiri wa Uamsho waliosikika mbali, hadi Ulaya. Tukilinganisha na Kirore, waliobanwa kwa sheria waliondoka, na waliojiona wameshikwa na neema hawakuondoka hata walipofukuzwa. Miaka mingi baadaye uongozi wa Kanisa la Uganda ulijaa watu wa Uamsho.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuja Kenya baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, kilikuwa kikienea, na kumkatalia anayekulisha kiapo kulikuwa hatari ya kufa. Wakristo wengi wa kawaida walikula kiapo, wakaja kutubu baadaye. Ndugu wa Uamsho walikuwa miongoni mwa waliokataa kwa uthabiti zaidi. Hoja yao haikuwa kwamba serikali imekataza viapo. Walisema wamekwisha kunywa kikombe cha damu ya Kristo mezani pake na hawawezi kuchanganya damu nyingine nayo. Wakati huohuo wengi wao walikataa kubeba bunduki za kikosi cha ulinzi cha serikali, kwa sababu Kristo aliwafia Mau Mau pia. Wakapigwa na pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa. Amri ya mkuu wa wilaya ingewapa sababu ya kukataa kiapo, isingewapa sababu ya kukataa bunduki. Ni vigumu kupata kisa kinachoonyesha wazi zaidi kwamba mamlaka ya neema, yakimshika mtu kweli, humdai zaidi ya yale ambayo sheria inathubutu kuyaandika.

Upande wa pili wa habari hii unajulikana zaidi na watoto wa walokole kuliko na wanahistoria. Mwandishi wa makala haya alikulia katika nyumba ya namna hiyo. Ushirika ulikutana jioni, watu wameketi mikekani, taa ya kandili katikati. Kila mtu alianza kwa kumsifu Bwana, akataja mwaka aliookoka, kisha akasema yaliyompata tangu walipoonana mwisho. Katika mikutano hiyo mambo mawili yalionekana na kubaki kichwani. La kwanza ni baba mwenye nyumba aliyesimama mbele ya wageni na watoto wake akaungama kwamba amemchapa mtoto kwa kosa lisilo lake, akamgeukia mtoto huyo akamwomba radhi kwa jina. Katika kijiji ambacho baba hakosei, jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko mahubiri. Wala heshima yake haikupungua. Watoto wa nyumba ile walimtii kwa namna ambayo watoto wa jirani, waliochapwa zaidi, hawakuwatii baba zao.

La pili ni swali lililokuwa likiulizwa kwa sauti ya upole: ndugu, uko nuruni? Mwanzoni swali hilo lilitoka katika 1 Yohana 1:7, na lilikuwa mwaliko. Kadiri miaka ilivyokwenda likawa wito wa kufika mahakamani. Dada aliyenyoosha nywele aliulizwa. Kijana aliyenunua baiskeli kwa mkopo aliulizwa. Uchumba ulihitaji kibali cha ndugu, na asiyekipata alijua kwamba hata akioa, nafasi yake mkekani haitakuwa ileile. Kuungama, ambako Gahini kulikuwa mlipuko wa furaha, kukawa na mtindo wake: makosa yanayokubalika kutajwa yalijulikana, na yasiyokubalika yalibaki yamefichwa vizuri kuliko yalivyofichwa kabla ya Uamsho. Hapakuwa na kanuni hata moja iliyoandikwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida kubwa zaidi, maana sheria iliyoandikwa ina kikomo na rufaa, lakini sheria inayoishi katika nyuso za ndugu haina.

Uganda mgawanyiko ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale kundi lililoongozwa na Yona Mondo liliposisitiza kuamka upya na kukaza mwenendo. Miongoni mwa mambo yaliyowatenganisha na ndugu wengine ni deni: aliyekopa alionekana amepoa. Watu waliookoka kwa neema tupu walikuwa wamefika mahali pa kupimana wokovu kwa hati za mkopo. Isidhaniwe kwamba hiyo ni tabia ya walokole pekee. Kila kizazi kinachopokea neema kwa mshangao hukiachia kizazi kinachofuata mazoea yake bila mshangao wenyewe, na mazoea yasiyo na mshangao ndani yake hugeuka kuwa sheria mara moja.

Doa kubwa zaidi ni la Rwanda, na mwandishi yeyote wa Uamsho anayelikwepa hasemi kweli. Nchi ambayo moto ulianzia ndiyo iliyoshuhudia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ambapo Watutsi mamia ya maelfu waliuawa katika muda wa siku 100 hivi, wengi wao wakiwa wamekimbilia makanisani, kama Nyamata na Ntarama. Baadhi ya Wakristo, watu wa Uamsho wakiwamo, walikufa wakiwaficha jirani zao. Viongozi wa juu wa makanisa kadhaa, Waanglikana wakiwamo, walikuwa karibu mno na serikali iliyoua.

Vitambulisho vinavyomtaja mtu kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa vilianzishwa na utawala wa Ubelgiji katika miaka ya 1930, yaani miaka ileile ya Gahini. Watu waliokuwa wakiungama chuki zao binafsi kwa machozi walibeba mfukoni karatasi hiyo, na mahubiri ya Uamsho hayakuwa na neno kwa aliyeitoa. Neema waliyoihubiri ilimfikia mlevi, mwizi na mzinzi. Haikumfikia mkuu wa wilaya akiwa kazini. Kazi hiyo ni ya sheria, ile ya kwanza katika zile tatu za mwaka 1577: kusimama hadharani na kumwambia mwenye nguvu kwamba kuua ni haramu hata kama ameokoka, hata kama ana amri kutoka juu. Nabii Nathani hakumpa mfalme Daudi ushuhuda, alimhukumu. Wakristo wa Uganda walionyesha kwamba mambo hayo mawili, neema na sheria, yanaweza kukaa pamoja. Tarehe 10 Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda, wengi wao watoto wa Uamsho, walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kupinga mauaji na unyanyasaji wa vyombo vyake. Siku 6 baadaye Askofu Mkuu wao, Janani Luwum, aliuawa. Kivengere alikimbia nchi, akaandika mwaka huohuo kitabu kinachosema kwamba anampenda Amin. Barua na kitabu vilitoka katika imani moja, na kimoja bila kingine kingekuwa pungufu.

Ngazi ambayo waumini wengi hukutana na mamlaka ya kanisa ni ya chini zaidi: baraza la wazee la usharika. Katika usharika mmoja wa mashambani ambako mwandishi alipata kipaimara, binti wa kwaya alipata mimba kabla ya ndoa. Jina lake lilisomwa Jumapili, akatengwa, akakatazwa Meza ya Bwana. Mama yake naye akaacha kukaribia, kwa aibu au kwa kuagizwa. Kijana aliyehusika, ambaye kila mtu alimjua, aliendelea kuimba besi. Muda ulipotimia binti alisimamishwa mbele, akajibu maswali, akarudishwa kundini, na ndipo mtoto akabatizwa. Kila hatua ilifuata utaratibu. Utaratibu wenyewe ulikuwa ukimwona mwenye tumbo tu, kwa sababu sheria inayotegemea ushahidi huanza na ushahidi unaoonekana.

Utaratibu wa Mathayo 18, ambao wazee huutaja wanapotenga mtu, unaanza na ndugu mmoja kumwendea mwenzake peke yao wawili, na mfano unaoutangulia ni wa mchungaji anayeacha kondoo 99 kumfuata mmoja. Mtu pekee aliyefuata mlango huo kwa mpangilio wake alikuwa mwinjilisti wa mtaa, mzee asiye na elimu kubwa. Yeye na mkewe walikwenda kumwona binti yule nyumbani kwao mara kwa mara, wakapeleka maziwa, wakasali, wakaondoka. Hawakuvunja uamuzi wa baraza wala hawakuusema vibaya. Binti huyo leo ni mtu mzima mwenye nafasi yake kanisani, na anapotaja waliomrudisha hawataji wazee.

Mazishi ndiyo mahali ambapo sheria ya usharika huuma kuliko popote. Kuna sharika ambako, mtu akifa, wazee hutazama kwanza kadi ya ahadi na bahasha zake za sadaka kabla ya kusema kama mchungaji atakuja. Hoja yao ni kwamba asiyechangia akiwa hai hakuwa mshiriki. Hoja hiyo ina mantiki ya chama cha kuzikana. Kama ni ya kanisa, basi mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Yesu asingezikwa na mchungaji, maana hakuwa na bahasha hata moja.

Kosa hili la kuitanguliza sheria linaanzia mapema, katika mafundisho ya kipaimara. Mtoto wa Kilutheri hukariri Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, na inaanza na Amri Kumi. Katika Biblia, amri hizo zinatanguliwa na tamko la Kutoka 20:2, ambapo Mungu anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa Israeli Misri, katika nyumba ya utumwa. Luther aliiacha sehemu hiyo ya Misri kwa makusudi, akifikiri kwamba inawahusu Wayahudi na si mataifa. Alikuwa na sababu zake, na maelezo yake juu ya kila amri ni mazuri. Lakini matokeo yake darasani ni kwamba mtoto anasikia katazo kabla hajasikia kwamba kuna aliyemwokoa, na akikosea jibu la katazo anachapwa au anarudishwa nyuma mwaka mmoja. Katekisimo ya Heidelberg ya mwaka 1563 iliziweka Amri Kumi katika sehemu yake ya tatu na ya mwisho, ile ya shukrani, baada ya kueleza taabu ya mwanadamu na ukombozi wake. Huo ndio mpangilio wa Kutoka: bahari kwanza, mlima baadaye.

Hakuna sinodi inayohitaji kuitishwa ili jambo hili lirekebishwe. Mwalimu wa kipaimara anaweza kuisoma Kutoka 20:2 kwa sauti kabla ya amri ya kwanza, akawauliza watoto ni lipi ambalo Mungu amekwisha kuwatendea wao. Baraza la wazee linalopanga kumtenga mtu linaweza kwanza kuuliza ni nani amekwenda kumwona nyumbani kwake, na lisiandike jina lake daftarini hadi jibu lipatikane. Na pale penye watu wawili katika kosa moja, waitwe wote wawili.